Kofia ya Sufu na Mguu Wangu wa Kushoto

Ndara yangu ya kushoto ndiyo iliyoniambia kwamba mimi ni mgonjwa. Ilikuwa kiangazi, mwaka wa pili wa korona, nami nilikuwa natoka zizini na ndoo ya maziwa. Baba Chebet, mume wangu, alikuwa nyuma yangu. Akaniita. Nilipogeuka nikamwona ameshika ndara.

"Umeacha hii," akasema.

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na ndara, wa kushoto ulikuwa peku, na nilikuwa nimetembea hatua kama kumi juu ya kokoto bila habari. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mgongo wenyewe ulikuwa umeanza kuuma wiki tatu kabla ya hapo. Sisi ni watu wa viazi, kule Kuresoi, na gunia letu si gunia la kawaida. Ni lile la mukurino, kama wale waumini wa vilemba, linaloongezewa wavu juu mpaka linavaa kilemba, ili mnunuzi apate zaidi. Siku ya kupakia, kijana mmoja hakufika, lori likawa linanguruma barabarani, nami nikashika pembe moja ya gunia. Kitu kikalia ndani ya kiuno changu. Nilimaliza kupakia. Hilo ndilo kosa la kwanza, na silitaji ili kujisifu.

Naandika haya kwa sababu kila ninapokaa kwenye benchi la fisio, yaani mazoezi ya viungo, mjini, mtu mpya hunigeukia na kuniuliza ilikuwaje. Huwa nawajibu kidogo tu, maana zamu hufika kabla hadithi haijafika popote. Mambo ya pingili na mishipa muulizeni daktari. Mimi naweza kueleza kusubiri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya zaidi.

Kwanza nilikandwa. Mama mmoja wa kijijini kwetu ana mikono ya kutisha, na kwa wiki mbili alinikanda kwa samli huku akinisimulia ubaya wa wakaza mwana wake. Jioni Baba Chebet alikaanga chumvi kwenye sufuria, akaifunga kwa kitambaa, akaniwekea kiunoni. Ile chumvi moto ilinisaidia kweli. Nitairudia, maana ina sehemu yake katika mambo yaliyoharibika.

Baada ya ile siku ya ndara tulikwenda hospitali ya Nakuru. Benchi za kusubiri zilikuwa zimebandikwa utepe kila baada ya nafasi moja, hivyo wagonjwa wa migongo walikuwa wamesimama huku nafasi za kukaa zikiwa tupu. Aliyekohoa alitazamwa na watu wote. Mzee mmoja alipaliwa na mate akatoka nje kwenda kukoholea huko, akakosa zamu yake ilipoitwa. Nilikaa pale kutoka asubuhi hadi saa tisa.

Daktari wa mgongo alikuwa mwanamume mwenye nyusi nzito. Nyusi ndizo ninazozijua. Uso wake sijauona hadi leo, kwa sababu ya barakoa, na nikikutana naye sokoni akiwa amejifunika paji la uso nitampita tu. Aliniambia nifumbe macho, akasema atanichoma mguu kwa pini na mimi niseme ninaposikia. Nikangoja. Baadaye nikamuuliza kama ameanza.

"Nimemaliza, mama," akasema.

Baba Chebet alikuwa amesimama mlangoni, na yeye alikuwa ameiona pini ikiingia.

Daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu umefinywa, kwamba lazima anipasue, na kwamba mgongo wenyewe haukumtia wasiwasi sana. "Huu mguu ndio nakimbizana nao," akasema. "Tukikawia, unaweza kukataa kurudi."

Kwa mtu wa mjini huenda hilo si jambo kubwa. Kwetu hakuna tambarare. Choo kiko bondeni, zizi liko mlimani, shamba liko juu ya zizi. Asiyeweza kuinua mguu hupelekwa kukaa kwa watoto wake, kwenye kochi mbele ya televisheni, na watu huulizana habari zake kama za mtu aliyehama. Niliogopa hilo kuliko kisu.

Tarehe ya kwanza haikutimia. Walipiga simu siku moja kabla na kusema vitanda na oksijeni vimechukuliwa na wagonjwa wa korona. Nikawaambia sawa, maana wale walikuwa wanakufa na mimi nilikuwa napoteza ndara.

Kisha kaunti yetu ikafungwa pamoja na Nairobi na majirani zake. Binti yetu Chebet ameolewa upande wa Kericho, na tulikuwa tumekubaliana kwamba yeye ndiye atakayekuja kuniuguza. Alifika kizuizini na begi lake na kuku wawili. Polisi wakamrudisha.

"Mum, wamekataa," akaniambia kwa simu. "Nimewaambia ni mgonjwa, wakasema kila mtu ana mgonjwa."

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Baba yako yuko."

Wote wawili tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. Baba Chebet ni mwanamume wa miaka sitini na moja ambaye, mpaka wakati ule, alikuwa anaingia jikoni kuwasha sigara tu, na kukaanga ile chumvi.

Basi akaingia. Ugali wake ulikuwa na mabonge, na sukuma wiki aliikata kwa ukubwa wa kulishia ng'ombe. Nilikula yote. Niliposhindwa kuchuchumaa chooni, alichukua kiti cha plastiki, kile kizuri cha wageni, akakikata tundu katikati kwa msumeno, akakisimamisha juu ya shimo. Hakuniuliza wala hakulizungumzia. Wewe unayesoma na una choo cha shimo, fanya hivyo mapema, usingoje aibu ikufundishe. Aliniosha pia. Mara ya kwanza alitazama ukutani muda wote, kama fundi anayepima nyumba ya mtu mwingine.

Tarehe ya pili ilifika katikati ya mvua ya masika. Jirani yetu Mwangi alikubali kutupeleka kwa gari lake dogo, na tuliondoka mara tu saa ya kafyu ilipokwisha. Kuresoi alfajiri ni baridi ya kuuma meno. Nililazwa kiti cha nyuma, blanketi mbili, chumvi moto kiunoni. Baba Chebet akanivisha kofia yake ya sufu, akaivuta mpaka kwenye nyusi, kisha akakaa mbele. Alishusha kile kioo kidogo cha juu ya kiti chake ili aone kama nimelala. Mwangi akawasha hita mpaka mwisho.

Molo tulisimama kwa chai. Mama wa hoteli aliichukua ile chumvi na kuikaanga upya bila kuuliza ni ya nini. Iliporudi ikiwa moto kabisa, sikuiweka kiunoni. Kichwa kilikuwa kinanigonga kwa woga, kwa hiyo niliisukuma ndani ya kofia, juu ya paji la uso, nikafumba macho. Ilikuwa raha tupu. Nililala nayo hivyo mpaka Nakuru, na niliitoa tu niliposikia gari limesimama getini.

Askari wa geti alikuwa na kile kipima joto cha kuelekezea watu usoni. Akanielekezea mimi. Akakitazama, akanielekezea tena, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mathe, uko moto," akasema. "Thelathini na tisa."

"Ni kofia," Baba Chebet akasema. "Ni hii kofia, boss. Kwetu ni baridi. Mimi ndiye nimemvisha."

"Mzee, mimi sijui kofia. Hii kitu ikisema juu, mtu anaenda kwa hema ya korona."

Nikiwa nimelala pale, nilikuwa na ile chumvi mkononi chini ya blanketi, bado ina joto. Ningeweza kuitoa na kumwonyesha. Sijui kama ingesaidia, pengine sheria ingebaki sheria. Lakini sikuitoa. Niliona haya, na haya hiyo ilidumu sekunde chache tu, na zikatosha.

Kwenye hema nilipimwa tena baada ya saa moja, joto likawa la mtu mzima wa afya. Sista aliyevaa mavazi kama ya mpuliza dawa za viazi alinionea huruma. "Lakini umeshaandikwa, mama," akasema. "Lazima tungoje majibu ya kipimo cha korona." Majibu yalichukua siku mbili. Nilikuwa sina korona, nami nilikuwa sina nafasi kwenye orodha ya upasuaji. Tukarudi nyumbani kungoja tarehe ya tatu, wiki mbili mbele.

Njiani Baba Chebet alisema mara moja tu, akitazama mbele: "Ni ile kofia. Ningefikiria."

Sikumjibu. Nataka niwe mkweli hapa, maana wanaoandika habari za ugonjwa hujifanya watakatifu. Nilikuwa na hasira, na hasira ilitaka mtu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kwa hiyo nilimwachia. Zile wiki mbili alizidi kuwa mpole, na kila alivyozidi mimi nilizidi kushindwa kusema. Mguu nao ulizidi kulala. Nikitembea ulikuwa unapiga sakafu, pa, pa, na kila ukipiga nilimwona ameinamisha kichwa.

Wanawake wa kikundi chetu cha kanisa walikuja siku moja. Kwa desturi wangejaa sebuleni na mikate na soda, waombe, walie kidogo, wanywe chai. Safari hii walisimama nje ya ua, kila mmoja na barakoa yake, wakaimba wimbo mmoja, wakapitisha chupa ya uji juu ya uzi wa seng'enge. Kisha wakapanda shambani na majembe, wakanipandia viazi nusu eka. Nilisikiliza majembe kutoka kitandani.

Safari ya tatu tulikwenda dirisha wazi. Kichwa changu kilikuwa wazi, blanketi halikupita kifua, na Mwangi mwenyewe alikuwa anatetemeka kwenye usukani. Chumvi ilibaki nyumbani. Getini alikuwa askari yuleyule. Akanielekezea kile kitu, akacheka ndani ya barakoa.

"Mathe, leo umekuwa soda ya friji. Pita."

Baba Chebet hakuruhusiwa kupita. Nilimwona mara ya mwisho akiwa ameshika mfuko wenye ndara zangu, nje ya uzio, akijaribu kumweleza mtu kwamba nitazihitaji.

Walinipasua mchana. Nilipozinduka zile nyusi zilikuwa juu yangu.

"Inua kidole gumba cha mguu, mama."

"Nimeinua," nikasema.

"Bado."

Nikainua tena, kwa nguvu zangu zote, mpaka jasho likatoka. Nyusi hazikubadilika. Akaniambia mguu una saa yake, niupe miezi. Alipoondoka nililia, na kulia kukaniumiza mgongo hivi kwamba nikaacha.

Kitanda cha pili alikuwa Mama Zuhura, mwenyeji wa Bondeni pale mjini, aliyepasuliwa siku nne kabla yangu. Ndiye aliyenifundisha kugeuka.

"Usijipinde, dada yangu," alikuwa akiniambia. "Geuka mzima mzima kama gogo. Bega na nyonga vifuatane."

Ilikuwa Ramadhani. Yeye hakuruhusiwa kufunga, na hilo lilimsikitisha kuliko kidonda. Kila magharibi watu wa nyumbani kwake waliacha kikopo cha tende getini, naye alingoja adhana kwenye simu ndipo ale ya kwanza, ilhali alikuwa ameshakunywa chai mara mbili mchana. Alinipa tatu kila jioni. Hatukuwahi kuonana midomo isipokuwa wakati wa zile tende. Nilimwambia habari ya kofia na chumvi. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.

Alitafuna kwanza. "Basi mwambie," akasema.

"Nitamwambia."

"Usiseme utamwambia. Mwambie."

Nilirudi nyumbani siku ya tano na mkanda mgumu wa kiunoni na orodha ya makatazo: usiiname, usikae zaidi ya robo saa, usiinue kitu kizidicho kikombe, usikohoe kwa nguvu, na ukitaka kupiga chafya jikumbatie. Siku zilezile barabara zikafunguliwa, na Chebet akafika na wale kuku wawili, waliokuwa wameongezeka uzito.

Mtu angedhani nyumba ingetulia. Chebet aliingia jikoni akakuta baba yake amekwisha kupanga vyombo kwa mpango wake mwenyewe, na mwiko hautoki mkononi. Siku mbili walizungukana pale kama majogoo. Siku ya tatu Chebet aliniona nikijaribu kuvaa soksi mguu wa kushoto, vidole vikijikunja ovyo, na hasira yote ikamtoka.

"Kama mum angepasuliwa ile tarehe ya pili huu mguu ungekuwa sawa," akasema. "Kwani ni nani alimvisha kofia?"

Baba Chebet aliuweka mwiko juu ya sufuria. Akatoka kwenda zizini, na haikuwa saa ya kukamua. Chebet alinitazama, anangoja nimuunge mkono au nimkaripie. Nilisema ugali unaungua. Hiyo ndiyo siku niliyojichukia zaidi katika ugonjwa huu wote, na nimeijumlisha ile ya kujisaidia kwenye beseni kitandani, hospitalini.

Kuanzia hapo nilihesabu kwa viazi. Vilipochipuka nilikuwa natembea mpaka mlangoni na fimbo. Vilipopaliliwa nilianza fisio, mjini, mara moja kwa wiki, kwa dada mmoja mkali anayefunga mpira kwenye mguu na kuuvuta kama anadai kitu. Vilipotoa maua Chebet alirudi kwake. Ukungu wa Julai ulifunika kila kitu, nami nilitembea ndani yake kila asubuhi, nyumbani mpaka ua, ua mpaka nyumbani, Baba Chebet nyuma yangu. Ndara ilikuwa ikibaki, anaiokota, ananiita, ananivisha. Alifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba tuliacha kusema neno.

Wiki ya kuvuna alikuwa amekaa kwenye kigoda akinikanda wayo kwa mafuta, kama dada wa fisio alivyomwonyesha. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja: Molo, mama wa hoteli, chumvi ndani ya kofia, mkono wangu chini ya blanketi pale getini.

Aliendelea kukanda.

"Nilikuona," akasema.

"Wapi?"

"Kwa kioo. Tangu Molo."

Nje wavunaji walikuwa wanaitana, na lori lilikuwa limeshafika.

"Na ukasema ni kofia," nikasema. "Na ukanyamaza hata Chebet alipokusema."

"Ungelia," akasema. "Na ulikuwa umekatazwa hata kupiga chafya."

Basi nililia wakati ule, kwa kuwa sikuwa nimekatazwa tena. Alingoja nimalize, akafuta mafuta mikononi, akasema ng'ombe hawatajikamua.

Kidole gumba hakijarudi. Daktari wa nyusi anasema labda hakitarudi, na hata yeye hajui ni kwa sababu ya zile wiki mbili au la. Nimeacha kumuuliza. Hisia za wayo zimerudi, polepole, kuanzia kisigino. Sibebi gunia. Nakaa mlangoni nikiwahesabia wengine, na gunia lenye kilemba kikubwa kupita kiasi silipitishi, mnunuzi aseme atakalo. Anayekwenda hospitali kwa baridi namwambia asimame dakika kumi nje ya geti, kichwa wazi. Anayemuuguza mtu sina la kumfundisha.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulipanda kwenda zizini, mimi mbele na ndoo tupu, yeye nyuma. Penye tope zito karibu na mlango wa zizi, mguu wa kushoto ulipata baridi ghafla, tope likaingia katikati ya vidole.

Nikasimama. Nilipogeuka alikuwa ameshainama, mkono umekaribia kuishika ndara.

"Iache hapo," nikamwambia. "Nimeisikia ikitoka."

Alinyooka. Akasogea pembeni ya njia, akanipisha nirudi kuichukua mwenyewe.